Bunduki mbili za kuwindia: kuchagua kaliba, na kwa nini namba hiyo ina uzito Mpondwe

Mizigo inayopita Mpondwe siku zote ni samaki, kahawa, mbao, saruji, vitenge na mafuta ya mawese. Bunduki ya kuwindia si bidhaa ya kila siku hapa. Hata hivyo hutokea. Mgeni wa kampuni ya uwindaji anashuka Entebbe na sanduku lenye bunduki mbili, gari la kukodi linampeleka Ziwa Mburo kisha linashuka naye Kasese kutazama mbuga, na dereva anakuta jina lake limo kwenye karatasi za safari. Au tajiri wa ng'ambo ya mpaka anamwagizia fundi wa Ulaya bunduki jozi na kutaka mzigo upitie Uganda. Katika hali zote mbili swali la kwanza la ofisa ni lile lile: kaliba gani?

Makala haya yanaeleza kaliba ni nini, jozi ya bunduki huchaguliwa vipi, na yule anayebeba mzigo huo ajue nini kabla hajawasha gari.

Namba na majina yake

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Waingereza na Wamarekani hupima kwa inchi, hivyo .375 ni sehemu 375 za elfu moja ya inchi, karibu milimita 9.5. Ulaya bara hupima kwa milimita na huongeza urefu wa ganda: 9.3x62 ni risasi ya milimita 9.3 iliyokaa katika ganda la milimita 62. Bunduki ya marisau hufuata hesabu nyingine kabisa, ya geji, ambapo namba ikizidi kuwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Geji 12 ni pana kuliko geji 20.

Tatizo ni kwamba namba peke yake haitoshi. .30-06 (hiyo 06 ni mwaka 1906), .308 Winchester, .300 H&H na .300 Winchester Magnum zote hurusha risasi yenye upana ule ule wa milimita 7.8, lakini maganda yao ni tofauti na moja haiwekwi badala ya nyingine. Kinyume chake, .275 Rigby na 7x57 Mauser ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kiwanda cha Mauser kiliitoa 7x57 mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Rigby wa London akaiuza kwa jina la Kiingereza. Sasa fikiria kibali kimeandikwa ".275", mtutu umegongwa ".275 Rigby", na boksi la risasi linasema "7x57". Ofisa asiyeifahamu habari hii ataona risasi za bunduki nyingine, na kwa kweli hatakuwa amekosea kusimamisha gari. Dawa ni kuandika majina yote mawili kwenye kibali tangu mwanzo.

Jambo jingine dogo linalosumbua makarani: boksi likiandikwa "300 gr" hiyo si gramu. Ni greni, kipimo cha zamani cha Waingereza, na greni moja ni gramu 0.065 hivi. Risasi ya greni 300 ni gramu 19.4. Karani akijaza gramu 300 kwa kila risasi, uzito wa mzigo kwenye fomu utapita uzito wa kwenye mizani mara nyingi, na hapo maswali huanza.

Jozi: kaliba moja au mbili?

Wanaoagiza bunduki jozi kwa fundi hufuata njia mbili. Wengine hutaka zote mbili ziwe za kaliba moja. Faida yake ni wazi: aina moja ya risasi, mstari mmoja kwenye kibali cha risasi, na bunduki moja ikiharibika porini nyingine inaendelea na kazi. Kwa njia hii chaguo la kawaida ni .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Kwa risasi ya greni 300 inayotoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, ina nguvu ya jouli 5,700 hivi. Hiyo inamtosha nyati, na kwa risasi nyepesi zaidi inampata pofu akiwa mbali. Ubaya ni uzito na teke lake begani. Kumpigia swala pala ni kama kutuma lori kubeba gunia moja.

Wengi huchukua njia ya pili, nyepesi moja na nzito moja. Kwa Uganda, ambako mawindo halali yaliyoanza tena kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Ziwa Mburo yanahusu wanyama kama nyati, pundamilia, swala pala na ngiri, mpangilio unaofaa ni .375 H&H pamoja na .30-06 au 7x57. Nzito ni kwa nyati, nyepesi kwa wengine wote. Kushuka chini ya .375 kwa mnyama hatari si jambo la kujaribu. Zimbabwe, kwa mfano, iliweka katika kanuni zake kiwango cha chini cha milimita 9.2 na jouli 5,300 kwa tembo, nyati na kiboko. .30-06 ina jouli karibu 3,900 tu.

Kupanda juu ya .375 kuna gharama yake. .416 Rigby ya mwaka 1911 ni nzuri kwa nyati, ila ganda lake ni nene na refu, linahitaji mtambo mkubwa wa kukoki ambao fundi hutoza zaidi. .458 Winchester ya mwaka 1956 ilifupishwa makusudi ili ikae katika mtambo wa urefu wa kawaida, ule ule wa .30-06. Hivyo mwenye kutaka jozi zenye umbo moja anaweza kuipata kwa hizo mbili. Mantiki hiyo ni ya zamani: mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza 9.3x62 ili iingie katika Mauser ya kawaida, bunduki ambayo mlowezi wa Kijerumani barani Afrika aliweza kuinunua. Zile za mitutu miwili, kama .470, ni bunduki za mwindaji bingwa anayesimama karibu na mnyama. Kwa mgeni wa siku kumi ni mzigo mzito na risasi zake ni adimu.

Kaliba zisizopaswa kuwekwa pamoja ni zile zinazofanana machoni. .308 na .30-06 katika safari moja ni kujitafutia balaa, kwa sababu mkono wenye haraka unaweza kutumbukiza .308 katika mtutu wa .30-06. .375 na 7x57 hata mtoto hawezi kuzichanganya.

Habari ya Bell

Kila mazungumzo ya kaliba Uganda humfikia Mskoti W.D.M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya miaka yake Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa hiyo hiyo .275, tena alivuka hadi Lado, eneo lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake Desemba 1909. Pembe za Lado zilikuwa biashara ya mpakani ya wakati huo, na sheria haikuwa ya mtu yeyote.

Wapo wanaomtumia Bell kuthibitisha kwamba kaliba ndogo inatosha. Wanasahau kwamba alipasua vichwa vya tembo ili ajue ubongo unakaa wapi, alipiga risasi ndefu isiyopasuka, na hakuwa na kanuni ya kiwango cha chini iliyomfunga. Aliyeshuka Entebbe juzi si Bell.

Namba iliyochaguliwa na serikali

Kuna kisa kingine kinachomhusu msafirishaji zaidi. Karibu mwaka 1907 Waingereza walipiga marufuku bunduki za kaliba .450 kuingia India na Sudan. Hofu haikuwa mnyama. Bunduki za kijeshi za Martini-Henry zilikuwa na kaliba hiyo, na watawala hawakutaka risasi za wawindaji ziishie mikononi mwa waasi. Mafundi wa London wakajibu kwa kutengeneza kaliba mpya zilizokwepa namba hiyo: .465, .470, .475. Ndiyo maana .470 ipo hadi leo.

Hofu hiyo hiyo inaeleweka Mpondwe. .308 Winchester ni karibu sawa na 7.62x51 ya majeshi, .223 ni ndugu wa 5.56, na 7.62x39 ni ya AK. Zote huwindia vizuri mahali pengine duniani. Lakini usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mwanajeshi anayefungua sanduku katika barabara ya Bwera akikuta boksi la 7.62, hataanza kwa kuuliza habari za swala pala. Mwenye kuchagua jozi itakayokaribia mpaka huu afadhali achukue kaliba ambazo hakuna kundi lenye silaha linalozitumia. .375 H&H haina historia ya vita. 7x57 iliwahi kuwa ya kijeshi zamani, ila katika ukanda huu leo ni bunduki ya mawindo tu.

Kwa anayebeba

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zenye masharti. Bunduki za kuwindia zina namba ya ushuru 9303 na risasi 9306, kwa hiyo hutangazwa kwa mistari miwili. Kuziandika "vifaa vya michezo" ni kosa linaloweza kumfikisha dereva mahakamani na gari likataifishwa. Ndani ya Uganda silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na ofisa mkuu wa leseni ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Kibali cha kuwinda ni karatasi nyingine, ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Barabara nayo ina mtego. Gari likitoka Mbarara kwenda Kasese hupita Katunguru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu kuingia na silaha katika eneo la hifadhi bila idhini. Idhini hiyo iombwe mapema, bunduki ziwe ndani ya sanduku lililofungwa, komeo limetolewa, na risasi ziwe mbali nazo. Mzigo wa baharini unaopitia Mombasa ukumbuke kwamba Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na bunduki pale ni mzigo wa kupita tu, wenye kibali cha kupita.

Kwa ndege, kanuni za kimataifa huruhusu abiria kubeba hadi kilo 5 za risasi, pamoja na boksi lake, tena haziunganishwi za watu wawili. Risasi moja nzima ya .375 ina zaidi ya gramu 40, kwa hiyo kilo 5 ni kama mia moja hivi, zigawanywe kwa bunduki zote mbili. Kwa safari ya mawindo zinatosha na kubaki.

Kuvuka daraja kwenda Kasindi ni jambo jingine. Hifadhi ya Virunga haina mawindo halali. Kongo ina sheria yake ya uwindaji ya 28 Mei 1982 na ya silaha ya 3 Septemba 1985, Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa dhidi ya makundi yasiyo ya serikali vimekuwepo tangu 2003. Bunduki ya mgeni wa Kasese haina shughuli ng'ambo ile. Anayeambiwa na mteja "vuka nazo tu, nitapiga simu" aziache kwa polisi Bwera na achukue risiti.

Na kabla ya kusaini kupokea sanduku, lifunguliwe mbele ya mwenyewe. Namba ya utambulisho ya kila bunduki isomwe kwenye chuma, si kwenye karatasi, kwa kuwa jozi za fundi mmoja huwa na namba zinazofuatana na tarakimu ya mwisho ndiyo inayokosewa. Kaliba isomwe kwenye mtutu, kisha kwenye kitako cha ganda, kisha kwenye kibali. Zikitofautiana hata kwa herufi, safari isubiri.