Joe Strummer, Mtu Aliyejipa Jina

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza redio mahali ambapo hata walioketi nyuma watasikia. Na ninyi wanafunzi, wekeni kalamu chini kwanza. Sikilizeni, kuandika kutafuata.

Leo tutasoma habari za Mwingereza mmoja aliyekuwa mwimbaji, mpiga gita na mchezaji wa sinema. Alijulikana kwa jina la Joe Strummer. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alijipa mwenyewe, na punde mtajua sababu. Lakini somo letu si la nyimbo tu. Nataka tutazame mambo mawili. La kwanza, mtu asiye fundi aweza kufanya nini na kidogo anachokijua? La pili, akiisha kupata sifa, awatendeeje wenzake waliompandisha?

UTOTO WAKE

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Graham Mellor. Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1952 katika mji wa Ankara, nchi ya Uturuki. Baba yake alikuwa karani katika ofisi za ubalozi wa Uingereza, na mama yake alikuwa muuguzi kutoka Scotland. Kazi ya baba ilikuwa kazi ya kuhamahama. Wakakaa Cairo, kisha Mexico City, kisha Bonn katika Ujerumani.

John alipokuwa na miaka 9, yeye na kaka yake David walitiwa katika shule ya bweni karibu na London. Wazazi wakawa ng'ambo, na watoto wakawaona wakati wa likizo tu. Mwaka 1970 likatokea jambo zito. David alijiua. John alikuwa hajatimiza miaka 18, naye ndiye aliyekwenda kuutambua mwili wa kaka yake.

Baada ya hapo aliingia chuo cha sanaa London, lakini hakumaliza. Akaenda mji wa Newport, katika Wales, akafanya kazi ya kuchimba makaburi. Mtu angemwona siku zile angesema kijana huyu amekwisha potea.

JINA LA STRUMMER

Je, muziki aliuanzaje? Aliuanza kwa kushika kofia. Rafiki yake alikuwa akipiga fidla katika njia za treni zipitazo chini ya ardhi mjini London, naye John alikusanya senti za wapita njia. Akanunua gita dogo la nyuzi 4, akajifunza. Baadaye akapata gita kamili.

Sasa sikilizeni vizuri. Kijana huyu alitumia mkono wa kushoto, lakini gita alijifunza kwa namna ya watu wa mkono wa kulia. Basi mkono wake mwepesi ukawa kazi yake kubana nyuzi, na mkono mzito ndio uliozipiga. Hakuweza kudonoa uzi mmoja mmoja kama wafanyavyo mafundi. Alizikwangua nyuzi zote 6 kwa pamoja. Mtu apigaye hivyo, Waingereza humwita strummer. Mwaka 1975 akajiita Joe Strummer, yaani Joe Mkwanguaji. Upungufu wake akaufanya kuwa jina lake, watu wasipate la kumcheka.

MUZIKI WA PANKI

Mwaka 1976 hali ya Uingereza ilikuwa mbaya. Watu zaidi ya milioni 1 hawakuwa na kazi. Vijana wengi wa mijini waliona kwamba nyimbo za wanamuziki matajiri hazisemi habari zao. Hapo ukatokea muziki uitwao panki. Nyimbo zake zilikuwa fupi, za haraka, zenye kelele. Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: usingoje mpaka uwe fundi. Ukijua kidogo, anza na hicho.

Strummer wakati huo alikuwa na bendi nyingine, iliyoitwa kwa namba ya nyumba waliyokaa bila kulipa kodi, namba 101. Mwezi wa Aprili 1976 aliwasikia vijana wa bendi ya Sex Pistols, akaona kwamba mambo yamebadilika. Akaiacha bendi yake, akajiunga na Mick Jones, mpiga gita hodari, na Paul Simonon, aliyekuwa mchoraji na bado anajifunza gita la besi. Wakaunda bendi ya The Clash. Mara ya kwanza walipiga mbele ya watu mjini Sheffield, tarehe 4 Julai 1976. Baadaye akaja Topper Headon, mpiga ngoma.

Bendi hii ilikuwa na masikio. Ilisikiliza rege ya watu waliohamia Uingereza kutoka Jamaika, ikaichanganya na panki. Wakati ule vyama vya kibaguzi vilikuwa vikiwachochea Waingereza dhidi ya wageni. Tarehe 30 Aprili 1978, The Clash walipiga katika uwanja wa Victoria Park, London, mbele ya maelfu ya watu waliokusanyika kuupinga ubaguzi wa rangi.

BEI YA SANTURI

Wengi wamewahi kuimba juu ya maskini. Tuulize basi, hawa walifanya nini ilipofika habari ya fedha? Mwaka 1977 waliandikiana mkataba na kampuni kubwa ya santuri kwa pauni 100,000, na wapo waliowasema kwamba wamejiuza. Lakini Desemba 1979 walitoa London Calling, santuri mbili katika jalada moja, wakataka ziuzwe kwa bei ya moja. Jina hilo latokana na tangazo la redio ya BBC wakati wa vita kuu ya pili, sauti ya London ikiwaita wasikilizaji wa mbali. Ni idhaa hiyo hiyo iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, na Strummer mwenyewe alikuja kuongoza humo kipindi cha muziki, kati ya miaka 1998 na 2001.

Mwaka 1980 walitoa Sandinista!, santuri tatu kwa bei ndogo. Ili bei ishuke, walikubali kuacha malipo yao kwa nakala 200,000 za kwanza zilizouzwa Uingereza. Hiyo ni fedha iliyotoka katika mifuko yao wenyewe.

KOSA LAKE

Lakini historia haiandikwi ili kumsifu mtu tu. Mwaka 1982 Topper Headon alifukuzwa kwa sababu ya dawa za kulevya. Huyu ndiye aliyetunga muziki wa Rock the Casbah, wimbo uliowapa jina kubwa kuliko nyingine zote katika Marekani. Wimbo ukasikika kila mahali, na mwenyewe yu nje. Mwaka 1983 Strummer na wenzake wakamfukuza Mick Jones, kwa ugomvi na uchelewaji. Wakatafuta wapigaji wapya, wakatoa santuri moja mwaka 1985, isiwe na nguvu. Mwaka 1986 The Clash ikafa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Strummer alijuta, naye hakuficha majuto yake. Alimfuata Mick Jones, wakapatana, na mwaka 1986 akamsaidia kutengeneza santuri ya bendi yake mpya. Urafiki ukarudi. Kusimama pamoja jukwaani hakukurudi.

KATIKA SINEMA

Miaka iliyofuata hakuwa na bendi ya kudumu, akageukia sinema. Mwaka 1987 alionekana katika Straight to Hell, iliyopigwa Hispania. Mwaka huo huo ikatoka Walker, habari za Mmarekani aliyejifanya rais wa Nicaragua mwaka 1856. Ilipigwa Nicaragua kwenyewe. Strummer alipata sehemu ndogo tu mbele ya kamera, lakini alitunga muziki wa sinema nzima. Katika Mystery Train ya mwaka 1989 alicheza kama Mwingereza aliyekwama mjini Memphis, aliyepoteza kazi na mwanamke wake. Mtu huyo hana mahali pake, na Strummer, aliyepoteza bendi, alimjua mtu wa namna hiyo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1999 alirudi na bendi mpya, The Mescaleros. Tarehe 15 Novemba 2002 walipiga katika ukumbi wa Acton, London, kuwachangia wazima moto waliokuwa wakigombea mishahara. Mick Jones alikuja kama msikilizaji tu. Ulipopigwa wimbo wa zamani, akainuka, akapanda jukwaani, akachukua gita. Haikupangwa. Ilikuwa miaka 19 tangu wasimame pamoja.

Juma 5 baadaye, tarehe 22 Desemba 2002, Joe Strummer alifariki ghafula nyumbani kwake, Somerset. Alikuwa na miaka 50. Madaktari walikuta kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, naye hakuijua.

Ndugu zangu, pimeni wenyewe. Kama Mick Jones angalisema, "Nitakwenda siku nyingine", siku hiyo isingalikuwapo. Aliyeshika kalamu akiwa mtu mzima anajua mambo haya yote mawili, kwamba kuanza na kidogo si aibu, na kwamba siku hazitungoji. Kwaherini mpaka juma lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini John Mellor alijiita Strummer?
2. Bendi ilifanya nini ili santuri zao ziuzwe rahisi?
3. Je, walifanya haki kumfukuza Mick Jones? Jadilianeni.
4. Andika sentensi tatu juu ya mtu ambaye ungependa kupatana naye.