Vibadala vya sukari ya kahawia

Sukari ya kahawia inayotajwa katika mapishi ya keki na biskuti ya Uingereza na Marekani ni sukari laini yenye unyevu, iliyochanganyika na molasi, yaani rojo jeusi linalobaki kiwandani baada ya chembe za sukari kutengwa. Iliyofifia ina molasi kama asilimia 3.5, iliyokolea kama 6.5. Sukari ya rangi ya udongo iliyozoeleka madukani Afrika Mashariki ni kavu na haishikamani, hivyo ikitumika peke yake biskuti hukauka mapema. Kinachotafutwa katika kibadala, basi, ni unyevu na uchachu wa molasi kuliko utamu.

Cha karibu zaidi, na pengine bora kuliko sukari ya kahawia yenyewe, ni sukari guru. Hutokana na maji ya miwa yaliyochemshwa hadi kuwa mazito na kugandishwa bila kutenga molasi. Hutumika uzito kwa uzito, baada ya kukunwa au kutwangwa. Ikiwa na makapi, iyeyushwe kwa maji kidogo, ichujwe na kupozwa, na maji hayo yapunguzwe katika vipimo vingine. Isitiwe kwenye maziwa yanayochemka, kwani huweza kuyakata.

Mwenye molasi ya chakula achanganye kijiko kikubwa kimoja na gramu 200 za sukari nyeupe, au viwili akitaka rangi iliyokolea. Molasi ya kulishia mifugo isitumike kabisa.

Asali ya nyuki ni tamu kuliko sukari tena ina maji: robo tatu ya kikombe hutosha badala ya kikombe kizima, majimaji mengine yapunguzwe kidogo, na joto la tanuri lishushwe nyuzi 15 hivi kwa sababu huungua upesi. Haina chembe za kuingiza hewa kwenye siagi inaposuguliwa, kwa hiyo keki hutoka nzito. Kwa mkate wa ndizi si tatizo, na hapo asali ya tende, inayopendwa Oman na nchi za Ghuba, hufaa vilevile. Kashata ni jambo lingine: sukari guru hugandisha nazi vizuri, ilhali asali huiacha ikinata.

Sukari nyeupe tupu hufaa pale rangi na ladha zisipotakiwa kukolea, lakini keki inayoumuliwa kwa magadi soda huhitaji kuongezewa maji ya ndimu au mtindi, la sivyo hubaki na ladha ya sabuni.