Udongo, Lami na Tairi Kuukuu

Zamani, wakati ambapo njia nyingi za Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa za udongo mtupu, tope la masika na vumbi la kiangazi, haikuwa aibu wala hatari kubwa kwa mwenye gari la kuvuta kwa magurudumu manne kulivalisha tairi jipya mguu mmoja na tairi kipara mguu wa pili. Na desturi hiyo, iliyozaliwa na uchache wa mali na kulelewa na ulaini wa ardhi, imedumu mikononi mwa madereva na mafundi hata leo, ijapokuwa katika njia kuu ardhi iliyoihalalisha imekwisha kufunikwa lami, na magari yenyewe yamebadilika matumbo. Naiandika historia yake kwa sababu naona hasara inayowapata watu wengi wasio na hatia, ambao huliendesha gari la zama hizi kwa ilimu waliyorithi kutoka katika gari la zama zile.

Chanzo cha jambo lenyewe ni hesabu ndogo. Tairi jipya la gari la kawaida aghalabu huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Likiliwa na njia hata kubakiwa na milimita 3, nusu kipenyo chake kimepungua milimita 5, kiasi ambacho jicho halikitambui kwa urahisi. Walakini gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 350 huzunguka, kwa hesabu ya karibu, mara 455 katika kilomita moja, na lile lililopungua milimita 5 huzunguka mara 461. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita 190 hivi, tairi kuukuu litakuwa limelitangulia jipya kwa mizunguko zaidi ya 1,000. Katika gari linalovutwa na magurudumu mawili tu, tofauti hiyo hupita bila kisa ikiwa ni baina ya mbele na nyuma, kwa kuwa ekseli moja haina habari na nyenzie. Katika gari la foo-wili, yaani lile la kuvuta kwa magurudumu manne, mambo ni mengine.

Jeep ya vita iliyotengenezwa kwa wingi tangu mwaka 1941 ilikuwa na difu, yaani kifaa kinachoziruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, moja mbele na moja nyuma, lakini katikati haikuwa na difu yoyote: dereva alipovuta wenzo wa kuunganisha, shafti ya mbele na ya nyuma zilifungamana zikawa kitu kimoja, mithili ya hamali wawili waliobebeshwa mti mmoja mabegani, ambao mmoja wao akiwa na hatua ndefu kuliko mwenzake, uzito wa tofauti hiyo sharti uishie katika mti au katika mifupa yao. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akiitumia Jeep katika shamba lake huko Anglesey, Wales, alichukua mfano wake akaunda Land Rover, iliyoonyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, yenye bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba magari yale ya mwanzo yalivuta kwa miguu yote wakati wote, ila upande wa mbele ulikuwa na kifaa kilichouruhusu kuzunguka kwa kasi kuliko wa nyuma bila kuzuiwa. Kwa hiyo mwundaji aliijua taabu hii tangu siku ya kwanza, akaitafutia dawa. Mwaka 1950 dawa hiyo iliachwa, na dereva akapewa hiari ya kuunganisha au kutenganisha mwenyewe, naye akabebeshwa na dhima ya kujua lini afanye lipi.

Dereva aliyesahau kutenganisha alipotoka topeni na kuingia katika njia ngumu alijua kosa lake upesi. Usukani ulikuwa mzito, matairi yalilia kwenye kona, na wenzo, alipoushika kuurudisha, haukukubali kutoka, maana shafti zilikuwa zimejisokota kwa nguvu zilizokosa pa kutokea. Hapo alitia gia ya kurudi nyuma, akarudi hatua chache polepole huku mkono wake mmoja ukiukaza wenzo, mpaka usokotaji ukalegea na wenzo ukaruka mahali pake kwa kishindo. Matairi yakiwa hayalingani, hali hiyo ilikuja hata katika njia iliyonyooka.

Lakini udongo ulisamehe. Gurudumu lililotaka kutangulia liliteleza kidogo mchangani au topeni, nguvu zilizojikusanya zikamwagika, na safari ikaendelea. Ndiyo sababu magari mengi mno ya wakati ule yaliishi umri mrefu juu ya matairi ya kila namna. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipoanza kupitishwa Tanzania kwa malori, ile njia ya kusini-magharibi, ambayo wageni waliipa jina la jehanamu, ilikuwa bado ya mashimo na utelezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekwisha kuwa barabara kuu ya lami. Nahesabu badiliko hilo kuwa mpaka mkubwa katika historia ya matairi yetu kuliko uvumbuzi wowote wa kiwandani, kwa kuwa lami haisamehi: kile ambacho gurudumu halikuweza kukitupa njiani kilirudi ndani ya gari, katika meno ya gia na beringi.

Haifai kuwalaumu waliochanganya. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania ilipoishiwa fedha za kigeni, tairi lilikuwa mali ya kutafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na mwenye gari aliyepata moja alilifunga moja, akamshukuru Mungu. Tairi lililokuwa halifai tena kwa njia halikutupwa. Lilikatwa likawa katambuga, likatembea miaka mingine miguuni mwa wafugaji na wakulima.

Hata kabla ya dhiki hiyo, ng'ambo, gari lilikuwa limeanza kugeuka. Jensen FF ya mwaka 1966 na Range Rover ya mwaka 1970 ziliwekewa difu ya tatu, katikati, ili miguu yote ivute daima hata juu ya lami. Na mwaka 1987 Hannu Mikkola aliposhinda Safari Rally kwa Audi 200 Quattro, sifa za uvutaji wa namna hiyo zilienea katika kila gereji ya Nairobi. Ikumbukwe hapa kwamba difu ya katikati haikuumbwa ifanye kazi bila kupumzika. Katika magari mengi hushikwa na kiungo chenye sahani nyingi zilizotumbukizwa katika mafuta mazito ya silikoni, ambayo hupata joto na kuzikaza sahani pindi upande mmoja unapozunguka kasi kuliko wa pili. Kiungo hicho kilikusudiwa kusaidia kwa dakika chache za utelezi. Kikifungiwa matairi yasiyolingana, hudhani gari limekwama topeni toka asubuhi hadi jioni. Huchemka, hukaza, na mwisho huharibika, na mwenye gari huanza kuhisi likizuiliwa linapokata kona ya maegesho, asijue kwamba ubaya ulianza siku aliponunua matairi mawili badala ya manne. Subaru huagiza kwamba mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, na tofauti hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya kina cha kashata.

Magari hayo ndiyo yaliyojaa mijini mwetu tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ya Japani ikaanza kushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Wengi wa wanunuzi hawajui kama gari lao huvuta kwa miguu minne daima, kwa sababu halina wenzo wa kuwauliza. Fundi mwaminifu hulipima kabla ya kuuza tairi: hujaza upepo sawasawa katika yote manne, huuzungusha utepe katikati ya kashata za kila moja, na kuandika mizingo kwa chaki ubavuni. Tofauti ikizidi, humwambia mteja anunue manne, au atafute yaliyotumika yenye kina kilekile, na tangu hapo ayahamishe zamu kwa zamu, na la akiba likiwamo ikiwa ni la ukubwa uleule, ili yaliwe pamoja. Kwa Land Rover kuukuu isiyo na difu ya katikati, yenye kuunganishwa kwa wenzo, shauri ni jepesi zaidi: mawili yanayolingana yakae ekseli moja, mawili mengine ekseli ya pili, na wenzo usiguswe mpaka lami iishe.