Nasaha na Nia: Washauri Wawili Waliowagombanisha Wana wa Harun Rashid

Kila unapozuka ubishi juu ya nani ashike madaraka, macho ya watu huelekea kwa wanaogombea. Ni wachache wanaowatazama wale wanaokaa nyuma yao, wanaowanong'oneza usiku yale watakayoyatangaza asubuhi. Sisi watu wa Afrika Mashariki tumeshuhudia uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 2000 na ule wa Kenya wa mwaka 2007, ambapo ubishi juu ya kura ulifuatiwa na kumwagika kwa damu. Ni vyema basi tuirejee historia ya Umma wetu, tuone nia za washauri zinavyoweza kuuponya au kuuangamiza.

Zama za Bani Abbas hapakuwa na sanduku la kura. Lakini palikuwa na bai'a, na mashahidi, na mkataba ulioandikwa. Na swali lililogombewa halikuwa tofauti na la leo: nani mwenye haki, na nani aliyevunja ahadi?

MKATABA WA KAABA

Mwaka 186 Hijria (802 Miladia) Khalifa Harun Rashid alihiji pamoja na wanawe. Huko Makka aliwaapisha wawili kati yao kwa maandishi. Muhammad Al-Amin, mtoto wa Zubeida, angekuwa Khalifa baada ya baba yake. Abdullah Al-Maamun, aliyemzidi ndugu yake kwa miezi michache lakini mama yake alikuwa suria wa Kiajemi, angetawala Khurasan kwa mamlaka kamili, kisha angerithi ukhalifa baada ya Al-Amin. Hati zilishuhudiwa na wakubwa wa dola zikawekwa ndani ya Kaaba tukufu. Miaka mitatu baadaye Harun aliongeza kuwa askari, mali na silaha zilizo katika kambi yake ni za Al-Maamun.

Je, kuna mkataba uliowahi kufungwa kwa nguvu zaidi ya huo? Hata hivyo haukudumu miaka kumi.

HOFU YA IBN RABII

Harun alifariki Tus, katika ardhi ya Khurasan, mwezi wa Jumada Thani mwaka 193 Hijria (809 Miladia), akiwa njiani kwenda kupambana na uasi wa Rafii bin Layth. Aliyekuwa na jeshi hilo ni waziri wake, Al-Fadhl bin Rabii. Kwa mujibu wa kiapo, jeshi na hazina vilipaswa kwenda kwa Al-Maamun aliyekuwa Marw. Ibn Rabii akavirudisha Baghdad kwa Al-Amin. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kumwacha mfalme aliyepo kwa ajili ya mwingine ambaye hajui mambo yake yatakuwaje. Al-Maamun aliwatuma wajumbe wawakumbushe kiapo njiani, lakini hawakusikilizwa.

Nia ni siri baina ya mja na Mola wake, na sisi tunahukumu kwa dhahiri. Lakini wanahistoria, akiwemo Imam Tabari aliyefariki mwaka 310 Hijria, wameeleza wazi kilichomsukuma waziri huyu baada ya hapo. Alijua kuwa siku Al-Maamun atakapokuwa Khalifa, hatamwacha salama. Kwa hiyo akaanza kumpambia Al-Amin jambo la kumvua ndugu yake urithi na kumpa mwanawe mdogo, Musa. Al-Amin mwenyewe mwanzoni hakuwa na azma hiyo.

Tuzingatie hapa, ndugu msomaji. Huyu hakuwa akitafuta cheo, kwani cheo alikuwa nacho. Alikuwa akikimbia adhabu ya kosa alilokwisha kulitenda. Mshauri aliyejichomea daraja la kurudi hana tena uwezo wa kumshauri bwana wake arudi nyuma. Kila ushauri wa suluhu kwake ni hukumu ya kifo, basi huuita udhaifu. Na kila ushauri wa vita ni uhai kwake, basi huuita ushujaa.

CHUKI YA IBN MAHAN NA UKWELI WA KHUZAIMA

Wa pili katika baraza hilo alikuwa Ali bin Isa bin Mahan. Huyu alikuwa gavana wa Khurasan kwa zaidi ya miaka kumi, akawadhulumu watu mpaka Harun akamuuzulu mwaka 191 na kumnyang'anya mali. Sasa alipata nafasi ya kurejea huko kwa upanga. Ibn Rabii aliongozwa na hofu. Huyu alikuwa na kisasi. Wawili hawa walikubaliana katika rai moja, na Al-Amin akadhani kukubaliana kwao ni dalili ya usahihi.

Hakukosekana wa kusema kweli. Khuzaima bin Khazim alimweleza Khalifa kuwa anayemdanganya hamtakii mema. Kwamba asiwazoeshe majemadari kuvua watu bai'a, wasije wakamvua yeye. Nasaha hiyo haikupokewa. Jina la Al-Maamun likaondolewa katika khutba, na hati za Kaaba zikaletwa kutoka Makka zikachanwa. Suratun-Nahl, katika aya ya 91 na 92, inakataza kuvunja viapo baada ya kuvithibitisha, na inampigia mfano mwenye kufanya hivyo kwa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Mfano huo ulitimia machoni pa watu.

Mwaka 195 Hijria (811 Miladia) Ibn Mahan alitoka na jeshi ambalo wanahistoria wanalikadiria kuwa watu elfu arobaini. Karibu na mji wa Rayy akakutana na Twahir bin Husein, jemadari wa Al-Maamun, aliyekuwa na watu wasiofika elfu nne. Ibn Mahan akauawa na jeshi lake likatawanyika.

TAMAA YA IBN SAHL

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kuwa upande mmoja ulikuwa na washauri waovu na wa pili ulikuwa na wema. Lakini historia haituruhusu. Mshauri wa Al-Maamun alikuwa Al-Fadhl bin Sahl, aliyesilimu mwaka 190 mikononi mwa Al-Maamun mwenyewe. Ndiye aliyemshauri Al-Maamun, kabla Harun hajafariki, afuatane na baba yake Khurasan asibaki Baghdad. Ndiye aliyemtuliza alipotaka kukata tamaa, akimuahidi kuwa ukhalifa utamfikia.

Ushauri wake ulikuwa wa akili, na hati ilikuwa upande wao. Lakini haki ya bwana haiitakasi nia ya mshauri. Ibn Sahl alipata lakabu ya Dhur-Riyasatein, mwenye uongozi wa pande mbili, wa upanga na wa kalamu. Baada ya ushindi, ndugu yake Hasan akapewa Iraq. Khalifa alibaki Marw, mbali na watu wake, na habari zikamfikia kwa mlango mmoja tu. Harthama bin A'yan, mmoja wa majemadari walioleta ushindi, alisafiri mpaka Marw ili amweleze Khalifa hali halisi. Akafungwa na akafia huko mwaka 200. Imam Ali Ridha ndiye aliyemfunulia Al-Maamun kuwa Iraq inawaka moto na kwamba watu wa Baghdad wamempa bai'a ami yake, Ibrahim bin Mahdi, na kuwa waziri wake anamficha.

WALICHOKIVUNA

Baghdad ilizingirwa kwa zaidi ya mwaka. Manjaniki zilipiga nyumba za raia, mitaa ikateketea, na wengi waliokufa hawakuwahi kuiona hati ya Kaaba wala kumjua Ibn Rabii. Katika siku za mwisho aliyelikata daraja la mto Dijla na kujiunga na Twahir alikuwa Khuzaima, yule yule aliyeonya kuwa majemadari wakizoeshwa kuvunja ahadi wataivunja. Al-Amin akauawa mwezi wa Muharram mwaka 198 Hijria (813 Miladia).

Na Ibn Rabii alikuwa wapi? Mambo yalipomharibikia bwana wake, alijificha. Baadaye Al-Maamun alimsamehe, na akafa kifo cha kawaida mwaka 208. Adhabu aliyoiogopa hata ikavuruga Umma haikumpata. Ibn Sahl aliuawa hamamuni huko Sarakhs mwaka 202.

MFANO WA RAJA BIN HAYWA

Karibu miaka mia kabla yake, mwaka 99 Hijria (717 Miladia), Khalifa Suleiman bin Abdulmalik alikuwa mgonjwa huko Dabiq, na alielekea kumwandikia ukhalifa mwanawe ambaye bado hajabaleghe. Mwanachuoni Raja bin Haywa alimkumbusha kuwa kitakachomlinda kaburini ni kuwaachia Waislamu mtu mwema. Shauri likaishia kwa Umar bin Abdulaziz, na Yazid bin Abdulmalik baada yake ili ukoo usiasi. Hati ilipofungwa, Umar alimjia Raja akitaka kujua kama yumo, ili ajiuzulu mapema. Hisham naye alimjia kwa kuutamani. Raja hakumwambia yeyote. Alikuwa na siri ambayo angeweza kuiuza kwa bei yoyote, akaihifadhi kama amana.

FUNZO LA KIFIQHI

Imam Mawardi wa madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 450 Hijria, anapoeleza katika Al-Ahkam As-Sultaniyya sifa za waziri mtekelezaji, anataja uaminifu, ukweli wa ulimi, uchache wa tamaa, kutokuwa na uadui na watu, kumbukumbu, akili, na kutofuata matamanio. Tukizipima na kisa chetu, Ibn Mahan anaanguka kwa uadui na Ibn Sahl kwa tamaa. Ibn Rabii anaanguka kwa uaminifu, kwani aliivunja amana ya Tus kabla hajaketi kushauri. Akili haikumkosa hata mmoja wao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kutakwa shauri amepewa amana, na kwamba kila kiongozi ana wasiri wa aina mbili, wanaomhimiza kheri na wanaomhimiza shari.

Maimamu na wanafunzi wa elimu huitwa na wanasiasa kila ufikapo uchaguzi, wakaombwa rai na dua. Kabla ya kufungua kinywa, kila mmoja ajiulize: Ikiwa ushauri wangu utakataliwa, nitapoteza nini? Ikiwa utakubaliwa, nani atalipa gharama yake? Anayekuta kuwa atakayepoteza ni yeye, na atakayelipa ni raia asiyejulikana, basi anyamaze, au akiri maslahi yake mbele ya anayemshauri, kisha amwache atafute rai kwa mwingine. Kukaa kimya kwa mtu wa namna hiyo ni sehemu ya nasaha.

Wallahu a'lam.