Uvimbe wa Taya na Umbali wa Hadubini: Historia ya Simiyu

Historia ya uvimbe wa taya usio saratani, katika nchi inayoitwa leo Mkoa wa Simiyu, kwa sehemu kubwa ni historia ya umbali. Kwa kuwa maradhi haya hukua polepole na mara nyingi hayaumi, uso wa mgonjwa uliharibika kwa kadiri ya miaka aliyoishi mbali na eksirei na hadubini, zaidi ya kadiri ya ukali wa ugonjwa wenyewe.

Katika maradhi hayo mfupa wa kawaida huondoka, na mahali pake hushikwa na tishu ya nyuzinyuzi ambayo hujijengea ndani yake mfupa mchanga, usiokomaa. Displasia ya nyuzinyuzi, iliyopewa jina hilo na mwanapatholojia Louis Lichtenstein mwaka 1938, huanza utotoni, huingiliana na mfupa wa jirani bila mpaka wa wazi, na aghalabu hutulia baada ya balehe. Fibroma inayojenga mfupa ina mpaka wake, hivyo mpasuaji huweza kuitoa nzima, ila ikiachwa huendelea kutanuka. Aina ya tatu huzunguka mizizi ya meno, huwapata hasa wanawake wa makamo wenye asili ya Afrika, na kwa kawaida haihitaji kisu. Chini ya hadubini zote hufanana mno: Shirika la Afya Duniani mwaka 1971 lilitenga fibroma ya mfupa na fibroma ya sementi, yaani tishu ngumu inayofunika mzizi wa jino, kisha mwaka 1992 likaziunganisha tena.

Kando ya Ziwa Victoria taya lililovimba lina sifa ya kale. Mwaka 1932 Juma Gitau, aliyekuwa katika msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey, aliokota huko Kanam, Kenya, kipande cha taya la kale chenye kinundu kidevuni, na wataalamu wakabishana miongo mingi, wengine wakisema ni saratani, wengine wakisema ni mfupa uliovunjika ukaunga vibaya. Baadaye Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto, na mwaka 1961 alisafiri na madaktari wenzake wawili kwa gari hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika, ili kuchora ramani yake. Saratani hiyo hukua kwa siku na majuma, ndiyo iliyovuta macho ya dunia. Uvimbe wa pole, unaokua kwa miaka, ulibaki kivulini mwake.

Simiyu ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa wakati wa Waingereza, baadaye sehemu yake kubwa ikawa ya Mkoa wa Shinyanga, hadi ilipopewa hadhi ya mkoa mwaka 2012, makao yakiwa Bariadi. Kuanzia 1928 reli ya Tabora hadi Mwanza ilipita Malampaka, wilayani Maswa, lakini kutoka vijiji vya Meatu na Itilima hata kituo hicho kilikuwa mbali. Aliyeanza kwa nfumu, mganga wa jadi wa Kisukuma, hawezi kulaumiwa kwa wepesi: jambo lisiloumiza halimtoi mkulima shambani msimu wa pamba. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, na mafunzo ya udaktari wa meno yakaanza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo nchi haikuwa na chuo chake cha kumfundisha daktari wa meno.

Tofauti kati ya kuchonga mfupa uliozidi na kukata nusu ya taya mara nyingi huwa ni miaka michache tu ya kuchelewa. Kwa hiyo barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, kilomita zipatazo 72, iliyokamilika katika muongo wa 2010, inastahili kuhesabiwa katika historia ya tiba ya Simiyu.