Nasaba Zilizolala Katika Masjala za Mwambao

Wenyeji wa mwambao wa Kenya wana desturi ya kale ya kuhifadhi nasaba kwa moyo, na mzee wa Mvita au wa Lamu aliyelelewa katika desturi hiyo aweza kukutajia babu saba au wanane mfululizo, kila mmoja kwa jina na lakabu yake, bila ya kushika karatasi. Desturi hii ni hazina, wala sikusudii kuidunisha. Lakini mwenye kuisikiliza kwa makini atatambua kwamba nasaba inayotajwa kwa ulimi aghalabu ni nasaba ya wanaume waungwana, na kwamba bibi, shangazi, suria, mtumwa aliyeachwa huru na mtoto aliyefariki angali mchanga hawamo, au wametajwa kwa neno moja na kupitwa. Hao walioachwa na ulimi, kwa bahati njema, wengi wao waliandikwa na kalamu. Wamo katika majalada ya mahakama za kadhi, katika madaftari ya ardhi, ya ndoa, ya wakfu, ya kodi na ya makanisa, yaliyoandikwa katika wilaya ambazo leo zimo katika kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, na wangali wanangoja wajukuu zao waje kuwauliza.

Mwambao una maandishi mengi ya namna hii kwa sababu ya historia yake. Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki mwaka 1895, ukanda wa maili kumi wa pwani ulibaki, kwa jina, chini ya Sultani wa Zanzibar, na hali hiyo ilidumu mpaka uhuru wa mwaka 1963. Kwa hiyo liwali, mudiri na kadhi hawakuondolewa. Waliendelea kuhukumu na kuandika, na karibu nao Waingereza wakaweka madaftari yao wenyewe, hata mtu mmoja aliyeishi Malindi au Takaungu akaweza kuandikwa na serikali mbili kwa lugha tatu.

Wengi waanzao utafiti wa ukoo huomba kwanza cheti cha kuzaliwa cha babu, na hapo hupoteza wakati wao. Uandikishaji wa vizazi na vifo katika Kenya ulianza mwaka 1904 kwa Wazungu, ukafuata kwa Waasia mwaka 1906, na kwa Waafrika ulienea polepole mno, wilaya baada ya wilaya, mpaka mwaka 1971 ndipo ulipokuwa wa lazima nchi nzima. Mwislamu wa pwani ana njia nyingine iliyo bora, nayo ni ndoa, kwa kuwa sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906, na ndoa haisihi bila ya wali na mashahidi. Jina la wali, ambaye kwa kawaida ni baba, babu au ndugu wa bibi arusi, hukupa ukoo mzima wa upande wa kike, yaani upande ule ule ambao masimulizi huupunguza.

Lakini kama ningelazimishwa kuchagua jalada moja tu na kuyaacha mengine yote, ningechagua jalada la mirathi. Mtu alipofariki na kuacha shamba la minazi au nyumba katika Mji wa Kale, warithi walikwenda kwa kadhi, na kadhi, kabla ya kugawa hata pesa moja, alikuwa hana budi kujua ni nani aliyekuwa hai siku ya kifo. Basi jalada humtaja marehemu na tarehe aliyofariki, gharama za maziko, madeni yake, mahari aliyokuwa bado hajamlipa mkewe, kisha warithi mmoja baada ya mmoja na fungu la kila mmoja: mke thumni ikiwa marehemu ana watoto, mama sudusi, na katika kilichobaki mtoto wa kiume hisa mbili kwa hisa moja ya mtoto wa kike. Fungu dogo kuliko yote lilihitaji jina kamili la mwenyewe, na kwa sababu hiyo binti ambaye hakuna anayemkumbuka leo anakutwa humo, na jina lake, na la baba yake, na pengine la mume wake aliyekuja kumsemea. Palipocheleweshwa mgao hata warithi nao wakafa, kadhi alilazimika kufanya hesabu ya munasakha, kifo juu ya kifo, na jalada la namna hiyo laweza kukusanya vizazi vitatu au vinne katika kurasa chache. Sijui maandishi mengine yoyote ya pwani yanayomfanyia mtafuta ukoo ihsani kubwa kama hii.

Mtoto wa suria, baba yake alipomkiri, alirithi sawasawa na mtoto wa mke muungwana. Sheria haikumbagua, ingawa watu walimbagua. Zipo koo zenye heshima kubwa ambazo katika majalada hayo ya mirathi ndimo zitakamokutana na nyanya yao aliyeletwa pwani kutoka bara akiwa mtoto, na kwa maoni yangu kukutana huko si aibu ya ukoo hata kidogo, bali ni haki ya marehemu iliyochelewa.

Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai shamba au kiwanja alete dai lake mbele ya ofisa maalumu katika muda uliowekwa; na ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Madhara ya sheria hiyo yangalipo, kwa maana Wamijikenda wengi na watu walioachwa huru hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na kazi yenyewe haikukamilishwa katika mwambao wote, hata vizazi vyao vikaitwa maskwota katika ardhi walimozika jamaa zao. Hata hivyo madai yale yenyewe ni ushahidi wa thamani. Pamoja nayo zilitolewa hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo huanza kwa ikrari ya muuzaji, zikataja bei, kisha zikataja mipaka minne: upande wa kibla shamba la fulani bin fulani, upande wa suheli njia, matlai bahari, maghribi shamba la binti fulani. Mtafiti asiyaruke majina ya majirani, kwa sababu watu walioana na majirani zao, na jina lisilopatikana katika dai la babu hupatikana mara nyingi katika mpaka wa dai la mtu mwingine. Tarehe za hati hizo ni za Hijra, na mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kumi na moja hivi, hivyo sharti zigeuzwe kwa uangalifu; mwaka 1325, kwa mfano, ulianza Februari 1907.

Mwaka huo wa 1907 ndio utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani. Wengine walikuwa wamekwisha kupata uhuru wao kabla: siku ya kwanza ya mwaka 1889, kule Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alianza kutoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni, na wenyewe waliowadai wakalipwa fidia. Kisauni, katika Freretown iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1875, waliletwa watu walionyang'anywa majahazini na manowari za Kiingereza, wakabatizwa na kupewa majina mapya. Ndiyo maana mjukuu wao huona jina la Kizungu likisimama kama ukuta mbele yake. Ukuta huo una upenyo, kwa kuwa barua na taarifa za misheni ile zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kwa Waislamu walioachwa huru, waliokuwa wakiitwa Mabruki, Feruzi, Farjalla au Baraka bila ya jina la baba, dalili ni uhusiano wa walaa, kwa sababu bwana wa zamani aliweza kudai urithi wa huru wake aliyekufa bila ya mrithi. Na wakfu nyingi zinawataja watu hao kuwa ni miongoni mwa wenye haki ya kukaa katika nyumba au kula mazao ya shamba.

Kipande, yaani cheti cha kazi walichotakiwa kubeba wanaume wa Kiafrika, kilichoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, nacho kina faida yake, hasa kwa waliotoka bara kufanya kazi bandarini.

Ewe msomaji, anza kwa kuwauliza wazee majina ya wanawake, maana hayo ndiyo yatakayotoweka kwanza, kisha uende nayo kwa kadhi, katika masjala ya ardhi na katika Nyaraka za Taifa. Na wewe uliyerithi kasha lenye karatasi usizoweza kuzisoma, usizichome wala usiwape watoto kuzichezea. Mtafute mwalimu wa chuo anayejua herufi zile akusomee, zipigwe picha, na nakala zake ziwekwe mahali ambapo na jamaa wa mbali wataweza kuzifikia. Serikali za kaunti nazo zingefanya hisani kubwa kuwalipa watu wenye elimu hiyo wayapange na kuyanakili majalada ya zamani, sasa, maadamu wangalipo wanaoweza kuyasoma.