Nafaka ya Mke, Nguo za Mume

Novemba 7, 1857, msafiri wa Kiingereza Richard Burton na mwenzake John Speke waliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu huko Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Burton alikuwa hodari wa kuona ila kuliko sifa, na habari za Waafrika aliziandika kwa dharau. Lakini jicho alikuwa nalo. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza kwamba mume na mke wa Kinyamwezi hawachanganyi mali. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku ni vya mume. Nafaka na mboga ziko mikononi mwa mke. Tumbaku kila mmoja hulima yake, kwa kuwa hana tamaa ya kupewa na mwenziwe. Akaongeza kwa kejeli kwamba mume akirudi kutoka pwani na mzigo wa nguo aweza kumnyima mkewe hata shuka moja.

Burton aliona hapo ukosefu wa mapenzi. Mimi naona daftari la hesabu, ingawa halikuandikwa popote. Mwanamke aliyelima mtama alijua ghala ni lake, na mume alijua hivyo, na jirani pia. Ndoa ilipovunjika, mvutano mkubwa ulikuwa juu ya mahari: irudishwe kiasi gani, na watoto waende upande upi. Palikuwa pia na ndoa zisizo na mahari, ambazo watoto wake walihesabiwa kwa ukoo wa mama. Sisemi kwamba mwanamke wa wakati ule alikuwa sawa na mwanamume. Ng'ombe na nguo ndizo zilizokuwa mali nzito, na zote zilikuwa upande mmoja. Ila jasho lake lilikuwa na jina lake.

Misafara nayo ilikuwa na wanawake wengi kuliko picha za vitabuni zinavyoonyesha. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapanda na nguo za merikani na kaniki, pamoja na shanga, na baadhi yao walifuatana na wake zao, ambao walibeba vyungu, mikeka na chakula, wakapika kila kambi. Waliobaki nyumbani walilima mashamba yaliyolisha hiyo misafara.

Kuna kisa kimoja cha jikoni ambacho nakipenda. Mwaka 1872 mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi ambao msafiri mwenzake Henry Stanley alikuwa amwajirie pwani. Mpishi wake alikuwa Halima, mke wa Amoda, mmoja wa wafuasi wake. Mzee alikuwa mgumu wa kusifu, lakini katika shajara yake alimsifu mama huyu kwa umakini na uaminifu, akaandika kwamba wakifika Unguja atamkomboa utumwani na kumnunulia nyumba na shamba. Livingstone alifariki Mei 1, 1873, kabla ya kuiona tena Unguja. Ahadi hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu ya kipimo chake. Kazi ya kupika na kutunza kambi ilipimwa kwa nyumba na shamba, miaka zaidi ya mia kabla ya mahakama ya nchi hii kukubali kwamba jiko nalo hujenga nyumba.

Waarabu na Waswahili wa pwani walikuja Tabora na kipimo kingine, cha sheria ya Kiislamu. Mke ana mali yake, aliyokuja nayo na aliyoipata ndani ya ndoa, na mume hana mkono humo. Mahari ni yake mwenyewe, si ya baba yake. Akiachwa, hutunzwa katika eda, na wengi hupewa kitoka nyumba, yaani zawadi ya kuachana. Kwa mwanamke mwenye duka au shamba lake, mpango huu ulikuwa kinga nzuri, na kwa zama hizo ulizidi hata wa Uingereza: mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa alisubiri hadi mwaka 1882 kupata haki kamili ya kumiliki mali yake. Tatizo lilikuwa kwa yule ambaye miaka yake ishirini imo ndani ya kuta za nyumba ya mume. Eda ikiisha, hana cha kudai. Na masuria, waliojaa katika nyumba kubwa za Tabora, hata hicho kidogo hakikuwa hakika kwao; utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu.

Lile daftari lilianza kuchanwa na fedha. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na sarafu ya kuilipia ilipatikana kwa kibarua, mara nyingi mbali na nyumbani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ukafa, na vijana wa Kinyamwezi wakaendelea kwenda pwani, safari hii kama manamba wa mashamba ya mkonge. Mshahara ulikuwa na jina la mtu mmoja. Kisha ikaja tumbaku ya biashara, hasa Urambo, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 kuporomoka. Tumbaku ile ile ambayo enzi za Burton kila mmoja alilima yake, sasa ikawa ya familia nzima shambani na ya mtu mmoja sokoni.

Anayetaka kuelewa kwa nini suala la mali ya ndoa linauma magharibi mwa Tanzania aende kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, wakati wa mavuno. Majani huchumwa kuanzia chini ya mche, yale yaliyoiva tu, na kila baada ya siku chache mchumaji hurudi kwenye mche ule ule. Wanawake na watoto hukaa kivulini wakiyafunga kwenye fito kwa kamba, mikono ikiwa myeusi kwa utomvu ambao sabuni haiutoi kirahisi. Fito hupandishwa ndani ya bani, moto hukokwa, na kwa karibu wiki nzima mtu lazima aamke usiku kuuangalia, kwa sababu joto likizidi au likipungua majani huharibika. Yakishakauka hupangwa kwa madaraja, rangi kwa rangi, kazi ya macho na subira ambayo akina mama wengi wanaimudu kuliko waume zao. Halafu siku ya soko inafika, na jina linaloitwa ni la mwanachama wa chama cha msingi, ambaye kwa kawaida ni baba.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, hatua hiyo ilikuwa imetanguliwa na mapendekezo ya Serikali ya mwaka 1969 yaliyozua mjadala mkali kuhusu mke wa pili, talaka na dini. Sheria ile ilizikusanya ndoa za Kikristo, Kiislamu, kimila na kiserikali za Tanzania Bara chini ya mwavuli mmoja. Kifungu cha 114 kikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja pale inapotoa talaka. Mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Na baada ya hayo ielekee kwenye usawa.

Ugomvi wa miaka kumi na miwili iliyofuata ulikuwa juu ya hiyo kazi. Je, kupika, kufua, kuzaa na kulea ni kazi kwa maana ya kifungu hiki, au ni wajibu wa mke usio na hesabu? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema mwanamke asiyetia senti hana mchango, kwa sababu alikuwa akitunzwa. Wengine walisema hiyo si haki wala si sheria. Ikawa fungu la mwanamke linategemea amesimama mbele ya jaji yupi.

Aliyeumaliza ubishi huo ni Bi Hawa Mohamed. Ndoa yake ya Kiislamu na Ally Sefu ilifungwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa sheria, ikavunjika mwaka 1980. Alikuwa mama wa nyumbani, akadai sehemu ya nyumba iliyoko Dar es Salaam. Mahakama za chini, hadi Mahakama Kuu, zilimnyima. Mwaka 1983 rufaa yake ikafika Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Mahakama ilirudi nyuma ikajiuliza sheria hii ilitungwa kuponya ugonjwa gani, ikajibu kwamba ni wake kunyonywa na kukandamizwa na waume zao. Hivyo kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Tangu siku hiyo kila hakimu wa nchi hii, awe Tabora au Tandahimba, amefungwa na maneno hayo.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana kwenye semina ni kwamba Bi Hawa hakupata kitu. Mume aliwahi kumpa fedha za kuanzishia mradi wa familia, na mahakama ikaona kwamba alizitapanya, kwa hiyo fungu lake lilikuwa limeshaliwa. Alishinda hoja akapoteza nyumba. Binafsi naona mizani ilimwelemea upande mmoja: makosa yake yalihesabiwa kwa shilingi, lakini miaka tisa ya kazi yake haikuwekewa bei. Hata hivyo alifungua mlango ambao yeye mwenyewe hakuupita. Mwaka 1988, katika kesi ya Mohamed Abdallah na Halima Lisangwe, Mahakama Kuu ilieleza jambo hilo kwa lugha ya uchumi: mke anayezaa, kulea na kuangalia nyumba ndiye anayempa mume nafasi ya kwenda kutafuta.

Wakenya walichelewa zaidi. Walitegemea ile sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 mpaka walipotunga Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013, na Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema kwamba mchango usio wa fedha unahesabika, ila hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Huku kwetu hali ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 2020, katika rufaa ya Gabriel Kurwijila na Theresia Malongo, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Anayedai athibitishe.

Chukulia nyumba ya vyumba vya kupangisha katika kata ya Chemchem, katikati ya mji wa Tabora. Kiwanja kilinunuliwa kwa jina la mume. Mke aliuza asali na karanga, akalisha mafundi, akanunua mifuko michache ya saruji bila risiti, akakusanya kodi za wapangaji na kuzikabidhi. Ndoa ikifika ukingoni, mke huanzia baraza la usuluhishi, la kata au la dini, lipate kumwandikia Fomu Namba 3, inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hiyo, kwa kawaida mahakama haipokei madai ya talaka. Akifika mahakama ya mwanzo, mume ataweka mezani karatasi ya mauziano. Mke ataweka mashahidi: fundi, jirani, labda mpangaji wa zamani. Hapo ndipo asilimia zinapozaliwa, na hutofautiana mno kati ya hakimu mmoja na mwingine.

Wanaojua sheria hawasubiri kufika huko. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinamruhusu mwenzake huyo kuweka zuio kwa msajili wa hati. Lakini zuio linahitaji hati, na nyumba nyingi mitaani huuzwa kwa karatasi ya mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Benki ndizo zilizobadilika kweli. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na marekebisho yake, mkopo wa dhamana ya nyumba ya ndoa hautoki bila saini ya mke. Kwenye malipo ya tumbaku, saini hiyo haiulizwi.